Masikio Yanapolia Usiku Kucha: Njia Tuliyopita na Makosa ya Kuepuka

Mlio huja juu usiku. Mchana nao ulikuwapo, ila Mombasa ina kelele zake: tuktuk, makanga, kunguru juu ya mwarobaini, jenereta la dukani stima ikipotea. Ukizima taa ndipo unausikia wazi, kama nyenje asiyepumua, au jiko la presha linalowaka ndani ya kichwa. Unachomoa friji. Unatoka uani kusikiliza. Unamwamsha mwenzako umuulize kama anasikia, naye anakutazama tu.

Haya tunamwandikia aliye kwenye usiku huo wa kwanza, na pia aliyefika usiku wa mia na pesa zimemwishia. Sisi tuliokaa na mlio mkali kwa miaka tumeona kwamba hasara kubwa hutokana na kufanya mambo nje ya zamu yake. Mtu anaanza kusaka dawa ya kuuzima mlio, huku jambo moja lisilongoja limeachwa likapita.

Siku za mwanzo

Jambo hilo ni usikivu wenyewe. Kabla ya kushughulika na mlio, jua kama sikio limepoteza kusikia. Weka simu sikio la kulia, kisha la kushoto, usikilize sauti ile ile. Kama upande mmoja umefifia ghafla, fanya kipimo kingine kisichogharimu kitu: funga mdomo na uvume "mmmm" kwa sauti nzito. Mvumo ukisikika zaidi upande wa sikio bovu, mara nyingi kuna kitu kimeziba njia, kama nta, maji au usaha nyuma ya ngoma ya sikio. Ukihamia upande wa sikio zima, shaka iko kwenye sikio la ndani au neva yake, na hapo hakuna kulala hadi Jumatatu.

Usikivu uliopotea ndani ya siku tatu au chini ya hapo ni dharura. Tiba yake ni vidonge vya prednisoloni vinavyotolewa na daktari, kwa kawaida siku 10 hadi 14, na faida yake hupungua kila siku inayopita. Baada ya wiki mbili nafasi imeshakuwa ndogo sana. Kosa linalotuuma zaidi ni hili: mgonjwa anapewa matone ya sikio bila mtu kuchungulia ndani, anaambiwa arudi baada ya mwezi, naye anarudi akiwa na sikio lililokwisha kufa. Ukifika hospitali, tamka wazi: "Sikio hili lilikuwa linasikia juzi, leo halisikii." Na kama una sukari au presha, sema kabla dawa haijaandikwa, maana prednisoloni hupandisha zote mbili.

Zipo dalili nyingine za kutokaa nazo. Shika mapigo kwenye kifundo cha mkono. Mlio ukipiga sambamba nayo, dup, dup, dup, unaweza kuwa unatokana na presha, upungufu wa damu au mshipa wenye kasoro karibu na sikio, na unahitaji kupimwa kwa njia tofauti na milio mingine. Mlio wa sikio moja tu, ukiambatana na usikivu usiolingana, huchunguzwa kwa MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, kwa sababu mara chache kuna uvimbe kwenye neva ya kusikia. Uvimbe huo si saratani, lakini unaweza kukua. Kizunguzungu kikali, uso kulegea upande mmoja, au mlio ulioanza baada ya kugonga kichwa: hivyo vyote ni vya siku hiyo hiyo.

Kama hakuna lolote kati ya hayo, huna haja ya kukimbia. Una haja ya kupima kwa utulivu.

Kiberiti, unyoya na dawa za kabatini

Wengi wetu tulianza kwa kujichokonoa. Njiti ya kiberiti, pini ya nywele, unyoya wa kuku, pamba ya kijiti. Vyote hufanya kazi moja, kuisukuma nta ndani mpaka ikae juu ya ngoma ya sikio, na nta iliyokaa hapo inaweza kuleta mlio peke yake. Mafuta ya moto na kitunguu saumu huunguza ngozi nyembamba ya mle ndani. Njia salama ni matone mawili matatu ya mafuta ya zeituni ya vuguvugu, ulale ubavu dakika tano, mara mbili kwa siku kwa siku tatu hadi tano, kisha mhudumu aitoe. Usitie chochote kama sikio limewahi kutoa usaha au ngoma ilitoboka. Maji yanayosukumwa kwa bomba la sindano ndani ya ngoma iliyotoboka hupeleka uchafu mahali usipoweza kuufuata.

Halafu fungua kabati la dawa. Kwinini ya malaria huleta mlio. Aspirini nyingi vilevile, na yote miwili hutulia dawa ikikoma. Jentamisini, amikasini na streptomisini, antibiotiki za sindano, ni habari nyingine, kwani madhara yake yanaweza kubaki daima. Baadhi ya dawa za saratani zina hatari hiyo hiyo. Andika kila ulichotumia miezi mitatu iliyopita na uende nayo orodha. Ila usiache dawa ya kifua kikuu au ya presha kwa uamuzi wako mwenyewe. Tumewaona waliofanya hivyo wakaishia na mlio ule ule na ugonjwa wa pili juu yake.

Pwani kuna wanaosema sikio likivuma unatajwa mahali, na mlio usiokoma watu huuhusisha na majini. Dua na kisomo humtuliza mtu, na utulivu ni sehemu kubwa ya tiba hii, kwa hiyo hatumkatazi yeyote. Tunachoomba ni kwamba kipimo cha masikio kitangulie, au viende pamoja, wiki hiyo hiyo.

Ndani ya kibanda cha kupimia

Muone daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali Kuu ya Pwani ni pa kuanzia, na zipo za binafsi kisiwani na Nyali ambazo foleni yake ni fupi na bili yake ni ndefu. Kabla ya siku yenyewe, uliza mambo matatu: kumwona daktari ni kiasi gani, kupimwa usikivu ni kiasi gani, na kama SHA, bima ya afya ya serikali, au bima ya kazini inalipa kimojawapo. Wengi hulipa kumwona daktari, kisha wakagundua kipimo kina bei yake na hawakubeba.

Kipimo chenyewe hufanyika kwenye kibanda chenye kuta za sponji. Unavishwa hedifoni, unapewa kitufe, na kila ukisikia "pii", hata ya mbali kabisa, unabonyeza. Hapa mwenye mlio hukwama. Pii ya mashine inafanana na mlio wake, anabonyeza ovyo, au anaogopa na kuacha kubonyeza, na matokeo yanatoka ya uongo. Mwambie mpimaji kabla hajafunga mlango kwamba masikio yako yanalia. Anaweza kubadilisha pii iwe ya kukatika-katika au ya kuyumba, nawe utaitofautisha na mlio wako.

Omba nakala ya karatasi, ni mali yako. Kutoka kushoto kwenda kulia ni sauti nzito hadi nyembamba, hezi 250 mpaka 8000. Kutoka juu kwenda chini ni kiasi cha sauti kinachohitajika ndipo usikie, kwa desibeli. Duara nyekundu ni sikio la kulia, alama ya X ya buluu ni la kushoto. Alama zikikaa juu ya mstari wa 20 usikivu ni mzuri. Zikidumbukia kwenye 4000 kisha zikapanda tena kwenye 8000, hiyo kwa kawaida ni kazi ya kelele: spika za matatu, karakana, mashine za bandarini Kilindini. Na ukiambiwa kila kitu kiko sawa, usidhani umeitwa mwongo. Kipimo cha kawaida huishia 8000, na sikio linaweza kuwa limeumia juu ya hapo.

Kwa nini mlio upo wakati hakuna kinacholia? Sikio la ndani lina seli zenye vinywele, karibu 15,000 kila upande, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Ubongo ukikosa habari kutoka sehemu ile hujiongezea sauti, kama mtu anayefungulia redio mpaka mwisho akitafuta stesheni ya mbali, naye anaambulia mkwaruzo. Mwaka 1953 watafiti wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaweka watu 80 wenye usikivu mzuri kwenye chumba kisichopitisha sauti. Ndani ya dakika tano, 94 kati ya kila 100 walisikia milio. Kimya kitupu humletea mlio hata aliye mzima, na sisi tulikuwa tukikitafuta kimya hicho hicho kama dawa.

Pesa zinakopotelea

Hakuna kidonge kinachojulikana kuuzima mlio uliokwisha kukaa. Tunaliandika hivi bila kulipaka sukari kwa sababu kutolijua kumewala watu akiba ya miaka. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa 2014 unashauri dawa za sonona, za kifafa na za wasiwasi zisiandikwe kwa desturi kwa ajili ya mlio pekee, na haupendekezi ginkgo ya mitishamba, melatonini wala zinki. Mwongozo wa Uingereza wa 2020 unasema betahistini, dawa ya kizunguzungu, isitolewe kwa mlio peke yake, ingawa kwa miaka mingi ndiyo iliyoandikwa kila mahali. Sindano za vitamini B12 humfaa aliyepungukiwa nayo, kwa hiyo pima damu kwanza. Vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu hutuliza wiki ya kwanza, kisha mwili huvizoea, na kuviacha ghafla kunaweza kupandisha mlio juu kuliko ulipoanzia.

Hata hivyo sonona ikiwapo, itibiwe kama sonona, na dawa zake zina nafasi. Kuna pia kifaa kinachopitisha umeme mdogo kwenye ulimi huku ukisikiliza sauti maalumu, kilichoruhusiwa Marekani mwezi wa Machi 2023. Ni jambo la kufuatilia, lakini si la kuuzia kiwanja.

Kama karatasi inaonyesha usikivu umepungua, pesa ziende kwenye mashine ya masikio kabla ya kitu kingine chochote. Ikirudisha sauti za nje, ubongo hupunguza kujiongezea. Mashine moja ya kidijitali hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na za hali ya juu huvuka laki. Usinunue ile ya kukuza sauti tu inayouzwa barabarani, kwani hupandisha kila kitu sawasawa, pamoja na honi inayokuumiza. Inayofaa hurekebishwa kwa karatasi yako, hezi kwa hezi, na bei iwe na safari angalau mbili tatu za kurudi kurekebishiwa ndani yake. Omba pia kuijaribu kwa siku kadhaa kabla ya kulipa zote.

Hewa yetu ya pwani inazimaliza mashine hizi kuliko umri. Unyevu na jasho huingia, spika inakoroma, vyuma vya betri vinaota kijani. Tafuta mkebe wenye mfuniko wa kubana, utie ndani vifuko vya silika, vile vinavyokuja na viatu vipya, ila viwe vikavu. Kila usiku futa mashine kwa kitambaa kikavu, fungua mlango wa betri, uilaze humo. Betri ndogo za hewa, kama saizi 312 yenye karatasi ya kahawia au 13 yenye ya rangi ya chungwa, huanza kuisha ukibandua karatasi hata kama hujazitumia. Bandua, subiri dakika moja au zaidi hewa iingie, ndipo utie. Ukiharakisha, inakufa mapema na utadhani umeuziwa mbovu. Sauti ikififia, tazama kwanza kichujio cha nta kwenye ncha. Mara nyingi kimeziba.

Usingizi

Kilichotuokoa ni sauti ya chini usiku kucha. Feni inatosha wengi. Wengine hutumia mvua iliyorekodiwa, au redio iliyowekwa katikati ya stesheni. Mawimbi ya bahari ni mazuri kwa mtu mmoja na mabaya kwa mwingine, kwa kuwa huja na kuondoka, na aliye macho hujikuta akingojea wimbi lijalo. Jaribu usiku tatu kila moja kabla ya kuamua.

Kipimo cha sauti ndicho kinachokosewa. Weka spika ndogo karibu mita moja na kichwa. Fungulia mpaka mlio ufunikwe kabisa. Kisha irudishe nyuma polepole mpaka usikie vyote viwili, mlio na mvua, mvua ikiwa chini kidogo. Acha hapo. Ubongo hujifunza kupuuza kile unachokisikia. Ukiufunika mlio moja kwa moja, asubuhi utaukuta mgeni vilevile. Usilale na visikizi vya ndani ya sikio, huleta joto na fangasi, hasa miezi ya Kaskazi.

Stima ikipotea saa nane za usiku feni inazima, na kimya kile kinakuamsha kuliko kelele. Redio ya betri au simu iliyojaa chaji ikae kando ya kitanda, sauti yake imeshapimwa tayari.

Amka saa ile ile kila siku, hata kama ulilala alfajiri. Ukikaa macho kama dakika 20, toka kitandani, kaa sebuleni na taa hafifu, rudi macho yakiwa mazito. Kitanda kisiwe mahali pa kupigana. Kahawa chungu ya jioni iahirishe, lakini usiikate yote kwa siku moja, maumivu ya kichwa yatakuongezea balaa. Miraa na muguka huondoa usingizi na kuchosha taya, na kama mlio wako hubadilika ukiuma meno kwa nguvu, basi taya na shingo zinahusika, na mtaalamu wa viungo anaweza kukupunguzia.

Miezi ya kati

Tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni ya mazungumzo ya kubadili fikra na mazoea, kwa kawaida vikao 6 hadi 12 na mwanasaikolojia. Haipunguzi ukubwa wa mlio. Inapunguza kukuumiza kwake, na tofauti hiyo utaielewa ukifika. Kikao kwa binafsi ni maelfu kadhaa ya shilingi. Ukiweza vinne tu, lipia vinne, na mengine ufanye nyumbani.

Zoezi la nyumbani ni dakika kumi, asubuhi na jioni. Kaa barazani. Chagua sauti moja ya nje, tuseme kunguru, uifuate dakika moja. Hamia ya pili, mwanamke anayefagia uwanja. Kisha uhamie kwenye mlio wako kwa makusudi, dakika moja, ukipumua ndani kwa hesabu ya nne na nje kwa sita. Kisha rudi kwa kunguru. Wiki mbili za kwanza utaona mlio umekua, kwa kuwa unautazama usoni. Endelea. Unachofundisha ni kuhama, kwamba masikio yanaweza kuondoka pale na kwenda kwingine.

Kuwe na daftari, lakini usiandike ukubwa wa mlio kila siku, kwani anayeupima anaulisha. Andika ulichofanya: nililala saa ngapi, nilikwenda sokoni Kongowea, nilikaa na watu. Kila miezi mitatu jaza dodoso la THI la kupima jinsi mlio unavyokusumbua, maswali 25, alama 0 hadi 100. Alama 58 na kuendelea ni hali kali. Kushuka kutoka 80 hadi 50 huchukua muda. Kwa wengi mwili na akili huuzoea mlio kati ya miezi 6 na 18, na hupandi ngazi moja kwa moja.

Katikati ya muda huo huja usiku ambao mtu anawaza bora asiwepo. Mawazo hayo yanawajia watu wengi wenye mlio mkali, wenye imani na wasio nayo. Mwambie mtu wa nyumbani kwa maneno kamili, usizungukezunguke. Laini ya Msalaba Mwekundu, 1199, hupigwa bure na ina washauri. Usikae peke yako usiku huo.

Kelele, baada ya hapo

Hofu huwafanya wengine wavae vizibo mchana kutwa, hata jikoni. Hilo hulifanya sikio liwe jepesi kukerwa na sauti na mlio kupanda. Vizibo ni vya kelele tu. Kipimo chake: ukilazimika kupaza sauti kumwambia kitu aliye umbali wa mkono, huenda mmevuka desibeli 85. Wataalamu wa afya kazini huona kiwango hicho kinavumilika kwa saa 8. Kwa 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2, kwa 100 ni dakika 15. Kanuni za Kenya za kelele kazini za 2005 zinaweka mpaka kwenye 90 kwa saa 8, ambao kwa sikio lililoumia ni wa juu mno. Kama kazi ndiyo iliyokuumiza, omba kwa maandishi upimwe masikio, uihifadhi karatasi. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya 2007 itahitaji ushahidi, na ushahidi ni ile grafu.

Vizibo vya sponji ni vya bei ndogo na vinaokoa, ila vikitiwa vibaya ni pambo. Osha mikono. Sokota kizibo mpaka kiwe chembamba kama njiti. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kisukume ndani, ukishikilie sekunde 30 kinapotanuka. Ukikiona chote kwenye kioo ukitazama mbele, hakijaingia.

Harusini usikatae kwenda. Fika mapema uchague kiti, mbali na spika na usiwe mbele yake. Uwanjani, kila umbali ukizidi mara mbili sauti hushuka karibu desibeli 6. Toka nje dakika kumi kila saa. Mlio ukipanda usiku huo, washa mvua yako kama kawaida na usubiri, kwa kuwa mara nyingi hushuka ndani ya siku mbili tatu. Usiposhuka baada ya wiki, au ukivuma "mmmm" na mvumo ukaenda upande mmoja, rudi kibandani na karatasi yako ya zamani mkononi ili walinganishe.